Mashine ya Kukaushia Nguo kwa Gesi: Tathmini ya Utendaji na Hitilafu Zake

Mashine inayotathminiwa hapa ni ya aina ya kawaida kabisa: pipa la chuma linalozungushwa na mota ya umeme kwa mkanda mrefu mwembamba, kichomeo cha gesi kilichowekwa chini karibu na sakafu, feni ya kuvuta hewa, na bomba linalotoa hewa yenye unyevu nje ya nyumba. Imetumika nyumbani kwa miaka kadhaa na imekwisha kuonyesha sehemu kubwa ya hitilafu zinazojulikana za mashine za namna hii. Jina la kampuni iliyoiunda silitaji, kwa kuwa kiwashio, vali, fyuzi na mota zake hufanana sana na vya kampuni nyingine, na aliyeielewa moja hatapotea akikutana na nyingine.

Kwa kazi yake yenyewe inastahili sifa. Moto wa gesi huipasha hewa haraka, na taulo nzito au suruali za jinzi hutoka zikiwa kavu kwa muda ambao mashine nyingi za umeme haziufikii. Umeme unaohitajika ni wa mota, kiwashio na vidhibiti tu, ingawa ukikatika mashine husimama hata kama gesi ipo tele. Kinachoishushia daraja ni kitabu chake cha maelekezo, ambacho katika sehemu ya hitilafu humwambia mtumiaji asafishe chujio, kisha aite fundi, kana kwamba kati ya hatua hizo mbili hakuna jambo lolote ambalo mwenye nyumba anaweza kulichunguza mwenyewe. Lipo, tena jingi, na sehemu kubwa yake haihusu gesi hata kidogo, inahusu hewa.

Lalamiko la kwanza ni kwamba mashine inazunguka, ina joto, lakini nguo hazikauki. Hapa gesi isilaumiwe mapema. Hewa moto ikishaufyonza unyevu wa nguo ni lazima itoke nje, na isipotoka hubaki ikizunguka na unyevu wake, nguo zikawa moto bila kuwa kavu. Chujio husafishwa kila baada ya kukausha, jambo ambalo watu wengi hulifanya, lakini wanaotumia karatasi za kulainishia nguo hawajui kwamba karatasi hizo huacha utando mwembamba usioonekana kwenye wavu. Jaribio lake ni rahisi: mimina maji juu ya chujio lililo safi, yakitulia juu ya wavu badala ya kupita, lisuguliwe kwa brashi laini na sabuni, kisha likaushwe kabla ya kurudishwa.

Baada ya chujio linafuata bomba. Kipenyo chake cha kawaida ni sentimita 10 hivi, na linapaswa kuwa la chuma chenye uso laini ndani, kwa sababu bomba la plastiki linaweza kushika moto na lile la kukunjika hunasa nyuzi za nguo katika kila mkunjo. Kila kona hupunguza kasi ya hewa, hivyo bomba fupi lililonyooka hushinda bomba refu lenye kona nyingi, hata liwe jipya kiasi gani. Toka nje wakati mashine inafanya kazi, uweke mkono mbele ya tundu la kutokea hewa: upepo uwe na nguvu na kifuniko kiwe kimeinuka. Upepo ukiwa hafifu, bomba lifunguliwe mashine ikiwa imezimwa, lisafishwe kuanzia mwisho hadi mwanzo.

Lipo shauri moja linalosikika mara kwa mara ambalo kwa mashine ya gesi ni la hatari, nalo ni kuiendesha bila bomba ili kuona kama nguo zitakauka upesi zaidi. Kwa mashine ya umeme kitakachoingia chumbani ni unyevu na vumbi tu. Kwa mashine ya gesi, moshi wa kichomeo hupita katika bomba hilohilo, na ndani yake yaweza kuwamo kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Ni jambo la kusikitisha kwamba kitabu cha mashine hii kinalieleza onyo hilo kwa maandishi madogo kuliko yale yanayosifu rangi ya mlango.

Lalamiko la pili, pipa kuzunguka bila joto lolote, ndilo lenye mengi ya kujifunza. Kwanza hakikisha vali ya gesi iliyo ukutani imefunguliwa na kwamba haukuchaguliwa mpango wa hewa baridi. Mafundi huitwa kwa mambo hayo mawili zaidi ya watu wanavyodhani. Kisha tazama mfuatano wa kuwaka kupitia tundu dogo lililo chini, karibu na kichomeo, ambalo katika mashine hii huonekana ukiondoa kibao cha mbele. Mota ikishaanza, kiwashio hupata umeme na kung'aa kwa rangi ya chungwa iliyokolea. Kando yake kuna kitambuzi kinachohisi joto hilo, ambacho kikishapata moto wa kutosha hukata njia yake ya umeme; hapo vali hufunguka kwa mlio mdogo, gesi hutoka, na moto wa buluu huwaka kwa mvumo unaosikika wazi.

Uzuri wa mfuatano huu ni kwamba mahali unapokatikia panataja kipuri kilichoharibika. Kiwashio kisipong'aa kabisa, kuna uwezekano mkubwa kimevunjika, kwani hutengenezwa kwa kitu kigumu lakini chepesi kupasuka, au umeme haukifikii kwa sababu fyuzi ya joto imekatika. Kikiendelea kung'aa bila kuzimika na moto usiwake, kitambuzi kimegoma kukata njia yake ya umeme. Kikang'aa, kikazimika, na moto usionekane, mashaka yaelekezwe kwenye koili za vali, yaani waya zilizosokotwa ambazo zikipata umeme huifungua vali. Koili hizi zina tabia ya kuwahadaa watu: zikiwa baridi hufanya kazi vizuri na moto wa kwanza huwaka, lakini zikishapata joto waya wake hukata mawasiliano, hivyo mzunguko wa kwanza huwa na joto na iliyobaki huwa baridi. Mwenye nyumba huona nguo zimepata uvuguvugu, akadhani gesi imepungua. Koili huuzwa peke yake na hubadilishwa bila kuifungua njia ya gesi, kwa hiyo fundi anayesisitiza kwamba vali nzima ni lazima ing'olewe aulizwe sababu.

Fyuzi ya joto inahitaji neno lake. Hukatika mara moja tu na hairejei, na kazi yake ni kuizuia mashine isiungue joto linapozidi. Ikikatika, mashine nyingine hukosa joto na nyingine hazianzi kabisa. Kuibadilisha bila kutafuta chanzo ni kupoteza fedha, kwani chanzo mara nyingi ni lile bomba lililoziba, na kuiruka kwa kipande cha waya ni kualika moto ndani ya nyumba. Upimaji wake ni mwepesi kwa mwenye mita ya umeme: plagi ichomolewe, nyaya zitolewe, na mita ionyeshe mawasiliano, isipoyaonyesha, fyuzi imekufa.

Kuhusu kelele na mzunguko siachi maneno mengi, kwa maana dalili zake hujieleza. Mota ikivuma na pipa lisigeuke, lisukume kwa mkono. Likizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, mkanda umekatika. Mlio wa kukwaruza au kupiga kelele kali hutoka kwenye magurudumu yanayobeba pipa au puli inayokaza mkanda, na ni busara kuvibadilisha vyote kwa pamoja, maana kazi kubwa ni kuifungua mashine. Isipoanza kabisa, chunguza swichi ya mlango. Ikisimama mapema nguo zikiwa bado mbichi, futa vile vipande viwili vya chuma vilivyo ndani karibu na chujio, vinavyopima unyevu, kwa kitambaa chenye siki.

Upande wa gesi yenyewe, mipaka ya mwenye nyumba ni mifupi. Harufu ya gesi ikisikika, swichi yoyote isiguswe. Watu watoke na msaada uitwe kutoka nje. Moto ukiwa wa manjano badala ya buluu, hewa haitoshi au pua ya kichomeo si ya gesi inayotumika, kwa kuwa gesi asilia na gesi ya mtungi hutumia matundu ya ukubwa tofauti na shinikizo tofauti. Ubadilishaji huo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Naipendekeza mashine hii kwa mwenye nyumba ambaye mahali pa kuiweka pako karibu na ukuta wa nje. Anayelazimika kulipitisha bomba vyumba viwili atafute ya aina nyingine. Kabla ya kuisukuma mahali pake, mnunuzi afungue kibao cha mbele na kuitafuta karatasi ya mafundi yenye mchoro wa nyaya, ambayo katika hii ilikuwa imekunjwa na kufichwa ndani ya bahasha ya plastiki. Ina kila kitu ambacho kitabu hakikusema, na inafaa ipigwe picha kisha irudishwe palepale kwa ajili ya fundi atakayefuata.