Kununua pikapu ya gitaa la akustika Nairobi: uliza kwanza inachomekwa wapi

Mwezi wa Agosti nilipiga gitaa katika harusi moja huko Karen, na sauti iliyotoka kwenye spika ilinitia uchungu ambao haujanitoka hadi leo. Gitaa langu la boksi, ambalo nyumbani lina besi nzito inayosikika hadi jikoni, lilisikika kana kwamba mtu anagonga spoku za baiskeli kwa kijiti. Kidole gumba kilikuwa kikicheza na nilikiona kikicheza, lakini uzi wa sita haukusikika kabisa. Pikapu iliyokuwa ndani, yaani kifaa kinachogeuza mtikisiko wa gitaa kuwa umeme wa kupeleka kwenye spika, nilikuwa nimeinunua wiki tatu kabla katika duka moja la katikati ya jiji kwa shilingi 4,500, baada ya muuzaji kuniapia kwamba makanisa yote makubwa ya Nairobi yanaitumia hiyohiyo. Nikaibebesha pikapu lawama yote. Niliitoa, nikamwomba binamu yangu aliyekuwa akirudi kutoka Marekani aniletee nyingine ya bei kubwa zaidi, nikaifunga, nikaenda nayo kwenye shughuli iliyofuata iliyokuwa na mixa ya aina ileile, na besi ikawa bado haipo.

Aliyeniokoa ni fundi mitambo wa siku hiyo, kijana mtulivu asiyekuwa na haraka. Aliuchomoa waya wangu kutoka kwenye tundu la laini la mixa, akaupitisha kwenye kisanduku cha DI, kifaa kinachokaa kati ya gitaa na mixa, cha chuma na kilichozungushiwa tepu nyeusi, kisha akaniambia, "Dada, hebu piga tena." Nikaukwanyua uzi wa sita, na chupa ya maji iliyokuwa juu ya spika ya jukwaani ikaanza kutetemeka.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia hapa uzuri wa boksi, urefu wa waya wala miaka ya udhamini. Nitazungumzia jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi na wauzaji wengi hawalitaji, yaani impidansi (ukinzani dhidi ya umeme, unaopimwa kwa ohmu) ya tundu unalochomeka gitaa.

Pikapu nyingi za gitaa la akustika hutumia piezo, kitu ambacho kikibanwa au kikipindwa hutoa chaji ndogo ya umeme. Tabia hiyo ya fuwele iligunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Chaji yenyewe ni kidogo mno, na kila mkazi wa Nairobi anayeishi kwa mgao wa maji ataelewa kinachotokea: ni kama kukinga maji ya mfereji unaodondosha matone. Ukikinga kwa ndoo nzima, utapata maji. Ukikinga kwa ndoo iliyotoboka, tone hupotea kabla ya jingine kufika. Tundu lenye impidansi ndogo ndilo ndoo iliyotoboka. Mitetemo ya haraka, yaani sauti nyembamba, huwahi kusikika kabla chaji haijavuja, lakini mitetemo ya polepole, ambayo ndiyo besi, huvuja yote. Ndiyo maana gitaa halikosi sauti moja kwa moja, bali hukosa kifua, na mwenye gitaa huondoka akiamini kwamba ameuziwa pikapu mbovu.

Hesabu yake ni rahisi, nami naiandika kwa sababu imenigharimu pesa. Chukua pikapu ya piezo yenye uwezo wa kushika chaji wa nanofaradi 1, kiwango cha kawaida kwa zile nyembamba zinazolazwa chini ya kijiti cha mfupa kinachobeba nyuzi darajani. Ukiichomeka kwenye tundu la laini la mixa, ambalo mara nyingi huwa na kiloohmu 10 hivi, kila kitu kilicho chini ya takriban hezi 16,000 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde) huanza kupungua, na kadiri noti inavyokuwa nzito ndivyo inavyozidi kuliwa. Ukiipitisha kwenye kisanduku cha DI kisichotumia umeme, chenye kiloohmu 140, mpaka huo hushuka hadi hezi 1,100. Kwenye tundu la megaohmu 1, yaani kiloohmu 1,000, hushuka hadi hezi 160, na kwenye megaohmu 10 hufika hezi 16. Uzi wa sita ukipigwa wazi hutoa hezi 82. Kwa hiyo megaohmu 1 ndicho kiwango cha chini kabisa ninachoweza kumshauri mtu akikubali, na kwa zile nyembamba za chini ya mfupa megaohmu 10 ni bora zaidi.

Kwa sisi tunaopiga omutibo, ule mtindo wa Magharibi mwa Kenya unaohusishwa na George Mukabi, hili si jambo dogo. Katika omutibo kidole gumba hubeba besi na kidole cha shahada huimba juu yake. Besi ikiliwa kwenye tundu la mixa, kinachobaki ni nusu ya wimbo, na msikilizaji aliyekaa nyuma ya ukumbi hawezi kujua kwamba kulikuwa na nusu nyingine.

Sasa nije kwenye pikapu zenyewe. Nasema wazi kwamba ninaipendelea K&K Pure Mini, na ndiyo ninayoiweka ya kwanza. Ni visahani vitatu vidogo, kila kimoja kidogo kuliko sarafu ya shilingi moja, vinavyogundishwa ndani ya gitaa kwenye kibao kilicho chini ya daraja, kila kimoja kikikaa kati ya nyuzi mbili. Haina betri wala vitufe, na haihitaji mtu atoboe ubavu wa gitaa. Kwa kuwa haibanwi chini ya mfupa bali inasikiliza mtikisiko wa mbao, haitoi ule mlio mkavu wa plastiki ambao piezo za chini ya mfupa hutoa unapoukwanyua uzi kwa nguvu. Visahani vitatu vilivyounganishwa pamoja pia hushika chaji zaidi, kwa hiyo megaohmu 1 huitosha vizuri. Wapigaji wa nyuzi za nailoni wana toleo lao, Pure Classic. Huko Marekani Pure Mini huuzwa kwa dola mia moja na kitu. Udhaifu wake upo, nami siufichi: katika ukumbi wenye ngoma na spika kubwa karibu na mpigaji, huanza kuvuma mapema, kwa sababu mbao inayosikiliza nyuzi husikiliza spika vilevile. Kifuniko cha mpira cha kuziba tundu la sauti husaidia sana, na kumwomba fundi apunguze kidogo sauti zilizo kati ya besi na zile za katikati husaidia zaidi.

Ya pili, kwa mtu anayepiga na bendi kamili, ni pikapu ya sumaku inayobanwa kwenye tundu la sauti, nami ningechukua L.R. Baggs M1. Ina koili mbili, moja ikisikiliza nyuzi na nyingine ikiwa imening'inizwa ili ihisi mtikisiko wa boksi, kwa hiyo haisikiki kama gitaa la umeme kwa kiwango ambacho pikapu za sumaku za zamani zilisikika. Huivua na kuivaa kwa bisibisi katika dakika chache. Sumaku haisikii nailoni, kwa hiyo mwenye gitaa la nailoni asipoteze nauli kuifuata.

Ya tatu ni L.R. Baggs Anthem, inayochanganya pikapu ya chini ya mfupa na maikrofoni ndogo iliyofungwa kwenye kibao cha ndani. Pikapu hubeba besi na maikrofoni hubeba sehemu kubwa ya sauti iliyobaki. Sauti yake ni nzuri mno, na wapo watakaonishutumu kwa kuiweka hapa. Imekaa ya tatu kwa sababu ya bei yake, ambayo ni karibu mara tatu ya Pure Mini, na kwa sababu inategemea betri ya volti 9.

Ya nne ni pikapu za chini ya mfupa zenye priampu (kikuza sauti kidogo) yake ndani ya gitaa, kama Fishman Matrix Infinity. Hizi hazisumbuliwi na tundu la mixa, kwa kuwa priampu hulipokea tone lote la chaji kabla ya kuliachilia kwenye waya, na zinastahimili sauti kubwa ya jukwaani. Lakini ule mlio mkavu nilioutaja hubaki, na swichi yake ni waya wenyewe: ukiuacha umechomekwa usiku kucha, asubuhi betri imekwisha. Zaidi ya hayo, zinahitaji sehemu inayokalia mfupa iwe imenyooka kabisa, la sivyo uzi mmoja hupiga kelele na mwingine hunong'ona.

Zile za kubandika kwa klipu au gundi laini, za chini ya shilingi 3,000, zinafaa kwa mazoezi ya nyumbani.

Kinachonikera si kuwapo kwa vitu vya bei nafuu, kwa sababu wanafunzi na wanakwaya wanavihitaji. Kinachonikera ni mtu kuuziwa kitu bila kuruhusiwa kukisikiliza. Katika maduka ya katikati ya jiji nimeambiwa mara tatu kwamba boksi likifunguliwa nimenunua, na nilipouliza impidansi inayohitajika, muuzaji mmoja alinijibu, "Dada, zote ni moja, ni jina tu." Katika duka jingine niliona boksi lenye jina kubwa likiwa na herufi zisizolingana na maelezo ya ndani yaliyochapwa kwa wino uliofifia, na bei ikawa ileile ya kitu halisi. Naelewa kwamba mfanyabiashara hulipa ushuru na VAT ya asilimia 16, na kwamba kodi ya duka mjini si mchezo. Bei ya juu naweza kuivumilia. Siwezi kuvumilia bei ya juu inayouzwa pamoja na uongo, halafu mpigaji kijana anarudi nyumbani akidhani gitaa lake ndilo baya.

Kwa hiyo nenda dukani na gitaa lako na waya wako, omba kuchomeka kifaa ambacho tayari kimefungwa kwenye gitaa la duka, na ukwanyue uzi wa sita pekee, polepole. Wakikukatalia, toka. Kabla ya kutoa pesa za pikapu yoyote isiyo na betri, tenga za kisanduku cha DI kinachotumia umeme chenye angalau megaohmu 1. L.R. Baggs Para DI ina megaohmu 10 na hupata umeme kutoka kwa betri ya volti 9 au volti 48 za mixa. Kama huna uwezo huo kwa sasa, iangalie mixa ya kanisa lenu vizuri, kwa sababu baadhi zina kitufe kilichoandikwa Hi-Z, yaani impidansi kubwa, kwenye tundu mojawapo, na hakuna anayekibonyeza.

Kuhusu ufungaji, tundu la jeki mwishoni mwa gitaa hutobolewa kwa upana wa milimita 12 hivi, na kazi hiyo mpe fundi wa magitaa, si seremala wa samani wa Ngong Road, hata awe jirani yako. Visahani vya K&K hugundishwa kwa gundi kali ambayo haikupi nafasi ya kurekebisha, kwa hiyo mwombe aingize mkono kwanza bila gundi, apapase vichwa vya nyuzi pale chini ya daraja, na aweke alama.

Baada ya kujua haya yote, niliirudisha ile pikapu ya shilingi 4,500 kwenye gitaa langu la zamani, nikaipitisha kwenye DI yenye megaohmu 10. Besi ilirudi yote. Mlio mkavu wa plastiki nao ulibaki palepale, hivyo gitaa hilo sasa nalitumia kufundishia, na Pure Mini ndiyo ninayokwenda nayo harusini.