Eti garantii inaisha pampu ikiingia majini

Ndivyo nilivyoambiwa, mbele ya wateja wengine watatu: “Mama, garantii inaisha pampu ikishaingia majini.” Pampu ya kisima, ndugu zangu! Sasa nilitakiwa niizamishe wapi, kwenye uji?

Nirudi nyuma kidogo maana hasira zinanitangulia. Nyumbani kwetu Uyole, Mbeya, tuna kisima cha mita 60. Kipindi kile cha vumbi, mvua bado kabisa, pampu ya zamani ikaanza ukorofi: ukiwasha inanguruma kidogo, maji hayaji, halafu kile kitufe chekundu cha kwenye boksi la ukutani kinaruka. Nikaenda duka moja la vifaa vya maji Mwanjelwa, silitaji. Nikaletewa kiti, nikapewa na soda. Wakanipa na fundi wao. Fundi kufika hakufungua boksi, hakutoa mita, alisikiliza mngurumo mara moja tu akasema, “Imeungua hii, mama.” Haya, imeungua. Laki sita na nusu ikatoka, pampu na boksi lake, ufundi mbali.

Kuivuta ile ya zamani walihitajika vijana wanne, bomba la roli limejaa maji, likalazwa kutoka kisimani mpaka barabarani, watoto wanaliruka kama kamba. Jioni maji yakatoka. Siku ile mngeniuliza ningelisifia duka lile mpaka mchoke. Na nililisifia kweli, kwenye kikoba chetu, wenzangu wawili wakachukua namba ya simu. Naombeni radhi, jamani.

Haikumaliza mwezi. Asubuhi moja nawasha, breka ikashuka. Napandisha, inashuka tena. Nikapanda daladala na risiti yangu.

Muuzaji hakuinua hata uso kwenye simu. Nikamwonyesha nyuma ya risiti, pale alipoandika kwa mkono wake mwenyewe “garantii mwaka 1”. Akaanza na umeme: umeme wenu huko ni mdogo, umeiunguza mwenyewe. Ni kweli umeme ukishuka sana mota inavuta moto mwingi na kuchemka, hilo silikatai, na jioni taa zetu hufifia watu wakianza kupika. Lakini mimi niliwasha asubuhi! Nilipomjibu hivyo ndipo akatoa ile ya majini. Kisha akanionyesha kwa kidevu kibao ukutani: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Wale wateja wakacheka. Mmoja ni mzee mzima, na koti lake, nilikuwa nimeingia nikampa shikamoo. Nilitoka natetemeka mikono, nikakipita hata kituo cha daladala.

Wiki mbili nikawa wa ndoo, alfajiri, na baridi yetu mnaijua.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Tukuyu, fundi umeme wa siku nyingi. Alipima waya kwa mita yake palepale juu ya kisima kabla hajavuta chochote, akasema moto unavuja huko chini. Tukavuta. Pampu ni nzima! Shida ilikuwa pale waya mfupi wa pampu unapoungwa na ule mrefu wa kupanda juu. Fundi wa dukani alizungushia tepu nyeusi ya kawaida, hii tunayofungia soketi. Ndani ya maji, mita hamsini na ushee! Ilikuwa imelowa kama andazi lililodondokea kwenye chai. Mzee akaibinya, ikatiririka. Akakata, akaunga upya kila waya peke yake, akavalisha ile mipira yenye gundi ndani inayosinyaa ukiipasha moto, na mmoja mkubwa juu ya yote. Nusu saa hivi. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, mpaka akaona haya.

Na hapa nisiwafiche. Pampu yenyewe ni nzuri. Nasema huku nimeuma meno. Imetulia, maji yanapanda kwa nguvu, tangi linajaa kabla sijamaliza kufua. Kwa hiyo nunueni, ila si kwa yule. Au nunueni hata kwake kama bei yake ndiyo nafuu, lakini nendeni na fundi wenu... Hapana. Msinunue kwake.

Maana mzee akiwa kwenye chai aliniuliza, ile ya zamani ilikuwa inafanyaje? Nikamwigia mngurumo wake. Akaweka kikombe chini.

“Boksi walilifungua?”

Hawakulifungua.

“Basi, mama, huenda ilikuwa kapasita tu.”

Kikopo kidogo kinachokaa ndani ya lile boksi na kuisukuma mota ianze kuzunguka. Kikifa, mota inabaki kunguruma. Bei yake haifikii kuku wa kienyeji. Mzee akasema leta hiyo pampu tuijaribu.

Niilete kutoka wapi? Fundi aliondoka nayo, na boksi lake. Alisema ananisaidia kuvipeleka kwa wanunua vyuma chakavu, nami nikampa na elfu tano ya bodaboda.

Jumatatu nashuka Mwanjelwa. Lile boksi mfuniko wake una mwandiko wangu, kalamu nyekundu: WATOTO MSIGUSE. Nikilikuta kwenye rafu zao wasije wakanionyesha kibao. Lile mimi sikuliuza.