Sabmita za kulipia kabla: tathmini ya mwenye nyumba ya kupangisha

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam aliyepangisha vyumba chini ya LUKU moja anaujua vizuri ugomvi wa zamu ya kununua umeme: mwenye friji analaumiwa na mwenye feni, na anayeshinda kazini hakubali kuchangia sawa na anayepiga pasi nguo za watu kwa malipo. Nyumba yangu ya Tabata ina wapangaji sita, na kwa sababu hiyo nilifunga sabmita za kulipia kabla, yaani mita ndogo za vyumba zinazopokea umeme kupitia mita kuu ya LUKU, ambapo kila mpangaji hununua uniti zake kwa simu na kuingiza tokeni ya tarakimu 20 kwenye mita ya chumba chake.

Kwa kazi hiyo ya msingi, sabmita hizi hazina mpinzani. Ugomvi umekwisha, na anayeishiwa anakaa gizani peke yake.

Suala la bei ndilo linalohitaji umakini. Mita kuu inayobeba vyumba sita huvuka kwa urahisi uniti 75 kwa mwezi, hivyo TANESCO huiweka kwenye kundi la T1, ambako uniti moja ni shilingi 292, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1 inafika takriban shilingi 356. Mfumo humruhusu mwenye nyumba kupanga bei aitakayo, na wapo wanaouza uniti moja shilingi 500, jambo ambalo mimi naliona ni kumkamua mpangaji. Vilevile, kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU ni deni la mwenye nyumba, kwa hiyo si halali kuifukia ndani ya bei ya uniti.

Kasoro kubwa ni kwamba sabmita haizalishi umeme. Mita kuu ikiishiwa, vyumba vyote vinazimika, hata cha mpangaji aliyenunua uniti asubuhi hiyo hiyo, naye ana haki ya kukasirika. Tatizo hilo huzidishwa na utaratibu wa malipo: fedha za wapangaji hupitia kwanza kwa kampuni iliyouza mita, hukatwa ada ya huduma, ndipo zinamfikia mwenye nyumba, na kwa kampuni niliyonunua kwake zimewahi kuchelewa hadi nikalazimika kujaza LUKU kwa fedha zangu. Kabla ya kulipa, uliza fedha hutumwa siku gani, na taka jibu hilo kwa maandishi. Nyumba za zamani zina mtihani mwingine, kwani nyaya za vyumba viwili mara nyingi huungana, na fundi asipozitenganisha, jirani atatumia uniti zisizo zake.

Kwa anayeanza kujenga, nashauri alinganishe na kuomba LUKU tofauti kwa kila chumba chenye mlango wake. Kuunganishiwa mjini pasipohitaji nguzo ni shilingi 320,960, gharama inayotisha kwa vyumba sita; lakini mpangaji anayetumia uniti 40 kwa mwezi angeingia kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, na kulipa takriban shilingi 4,880, ilhali chini ya mita yangu kuu analipa zaidi ya 14,000. Tofauti hiyo ingerudisha gharama ya kuunganisha kwa karibu miaka mitatu, na mwenye nyumba angeweza kuizingatia anapopanga kodi ya chumba. Sabmita zinafaa zaidi kwa nyumba iliyokwisha kujaa watu, ambayo kuifumua nyaya upya hakuwezekani.