Propela ya vipande viwili kwenye Land Cruiser iliyorefushwa: uzoefu wangu

Madereva wa magari ya utalii wanaujua vizuri mtetemo unaoanza gari linapofika kilomita 75 hivi kwa saa, unakaa hadi karibu 85, halafu unapungua. Unausikia kwenye sakafu na kwenye kiti, si kwenye usukani. Mafundi wengi wakiusikia wanasema balansi ya matairi. Unabalansi matairi yote manne, unarudi barabarani, na mtetemo uko palepale. Hapo ndipo watu huamua kuuzoea, na mimi nawaomba wenzangu wasiuzoee, kwa sababu unakula vitu vya bei kubwa huku wewe ukidhani ni usumbufu tu.

Gari langu ni Land Cruiser 78 yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita. Nililinunua likiwa limeshakatwa chesisi na kurefushwa ili kupata safu nyingine ya viti, kama yalivyo magari mengi ya safari hapa Arusha. Chesisi ilifanyiwa kazi nzuri, sina la kulaumu. Tatizo lilikuwa propela shafti ya nyuma, lile bomba linalozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kwenye difu, yaani giaboksi ndogo ya katikati ya ekseli. Aliyeirefusha alichukua ya kiwandani, akaikata, akaweka kipande cha bomba la unene uleule katikati na kuchomelea. Kwa macho inaonekana sawa. Inaingia, inazungusha difu, gari linatembea. Lakini krosi, vile viungo vya umbo la msalaba kwenye ncha za propela, zilikuwa hazimalizi msimu, sili ya nyuma ya transfa (giaboksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) ilikuwa inavuja kila baada ya kubadilishwa, na mtetemo haukwisha.

Nimebadilisha mfumo wote: propela ya vipande viwili, senta beringi ya kuishikilia katikati, krosi mpya za Kijapani, na kila kitu kimebalansiwa kwenye mashine. Tangu hapo gari limepita msimu wa vumbi na msimu wa matope, kwa hiyo nadhani ninaweza kusema kitu cha maana.

Bomba refu linalozunguka lina kasi yake ya hatari. Likiifikia, linaanza kupinda tumbo na kujirusha nje, kama kamba ambayo watoto wawili wanaizungusha ili wa tatu aruke. Kasi hiyo inashuka kwa mraba wa urefu. Yaani ukirefusha propela kwa asilimia 20 bila kunenepesha bomba, kasi ya hatari inashuka kwa karibu asilimia 30. Kiwanda kilikuwa kimeacha nafasi ya usalama, na aliyerefusha ameila. Sasa piga hesabu ya gari lenyewe. Tairi la mzingo wa takriban mita 2.5, difu ya uwiano wa 4.1 (propela mizunguko 4.1 kwa mzunguko mmoja wa tairi), mwendo wa kilomita 80 kwa saa: propela inazunguka karibu mara 2,200 kwa dakika. Bomba lililoungwa katikati, ambalo halikunyooshwa sawasawa na lina mstari wa weldingi mzito upande mmoja, halihitaji hata kufikia kasi ya hatari. Likiikaribia tu, linaanza kutikisa.

Dawa ni mbili. Unaweza kutumia bomba nene zaidi, kwa sababu kasi ya hatari inapanda pamoja na kipenyo. Au unagawa urefu, ukaweka senta beringi katikati, na kila kipande kikawa kifupi. Ndiyo maana Hilux nyingi na malori kama Fuso yametoka kiwandani na propela ya vipande viwili au zaidi. Kwenye magari ya gharama kubwa wamekwenda mbali zaidi: Nissan GT-R ina propela ya nyuzi za kaboni, nyepesi na ngumu, na wepesi huo pamoja na ugumu ndivyo vinavyopandisha kasi ya hatari. Kwa barabara zetu za mawe sitaki bomba la kaboni chini ya gari langu. Chuma kikipigwa na jiwe unakiona kimebonyea, unajua pa kuanzia.

Karakana niliyokwenda ilianza na jambo ambalo sikuwahi kuona fundi akilifanya: walipima pembe kabla ya kugusa spana. Wakaweka kipimo kwenye flenji ya transfa (sahani ambayo propela inafungwa kwa bolti), kwenye bomba, kisha kwenye flenji ya difu. Krosi ya mbele ilikuwa inafanya kazi kwenye nyuzi 3, ya nyuma kwenye nyuzi 8. Sababu ikaonekana palepale. Gari lilikuwa limeongezewa majani ya springi nyuma ili libebe wageni na mizigo, difu ikabinuka, na hakuna aliyeirudisha.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Krosi moja ikifanya kazi kwenye pembe haitoi mwendo sawa. Upande unaoingia unazunguka kwa kasi moja, upande unaotoka unakwenda haraka kidogo, unapungua, unakwenda haraka tena, unapungua tena, mara mbili kwa kila mzunguko. Mwingereza Robert Hooke aliliona hilo karne ya 17, na hadi leo kiungo hiki kinaitwa kwa jina lake, ingawa wengine wanampa heshima hiyo Cardano wa Italia aliyemtangulia. Kwenye nyuzi 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 kila upande. Kwenye nyuzi 20 inafika asilimia 6, na kwenye nyuzi 30 inapita 13. Kinachookoa ni krosi ya pili: ikiwa kwenye pembe sawa na ya kwanza, na yoki, yaani uma zinazoshika krosi, za ncha mbili za bomba zikakaa kwenye mstari mmoja, ya pili inafuta makosa ya ya kwanza na difu inapokea mwendo laini. Pembe zikitofautiana, au fundi akirudisha bomba likiwa limepishana jino moja kwenye sehemu ya kuteleza, pale vipande vinapoingiana kwa meno ili propela irefuke na kufupika, hakuna kinachofutwa. Kwenye kilomita 80 kwa saa, difu yangu ilikuwa inavutwa na kuachiwa zaidi ya mara 4,000 kwa dakika.

Waliweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, wakainua pua ya difu. Kipande cha mbele cha propela kimekaa karibu kunyooka na transfa, na krosi mbili za kipande cha nyuma zimelinganishwa pembe. Niliuliza kwa nini cha mbele hakikunyooshwa kabisa, na jibu la fundi lilikuwa sahihi. Ndani ya vikombe vya krosi kuna sindano za beringi, na pembe ikiwa sifuri sindano hazitembei. Zinagonga mahali pamoja mpaka zinachimba mistari kwenye msalaba. Lazima iachwe angalau nusu nyuzi hadi nyuzi moja ili zizunguke na kubeba grisi.

Mistari hiyo niliiona kwa macho kwenye krosi zangu za zamani. Fundi alizitoa kwenye klipu, akapangusa grisi iliyobaki, akanipa msalaba mkononi. Kwenye upande wa kila mkono unaobeba nguvu ya kwenda mbele kulikuwa na vijifereji vilivyopangana, ukipitisha ukucha vinakwaruza. Upande wa pili wa mikono ulikuwa bado unang'aa. Kikombe kimoja hakikuwa na grisi kabisa, ila unga mwekundu wa kutu. Huo unga ukiuona nje ya kikombe, krosi imekwisha, hata kama bado haijaanza kupiga kelele ukiweka rivasi.

Sasa krosi zenyewe. Sokoni kuna za aina mbili. Za kwanza hazina nipeli, kile kichuchu cha kupampia grisi: zimefungwa na grisi yake tangu kiwandani na msalaba wake ni chuma kizima. Za pili zina nipeli, na ndani ya msalaba kumetobolewa njia za grisi. Kihandisi zile zisizo na nipeli zina nguvu zaidi, maana tundu lolote ni mahali pa ufa kuanzia, na sili za siku hizi zenye midomo kadhaa zinazuia uchafu kuliko zile raba za duara za zamani. Kwa gari la mjini, au linalokaa lami muda mwingi, nunua hizo usahau. Lakini mimi napita Ndutu kwenye matope meusi, navuka maji, halafu kiangazi nakula vumbi la kutoka lango la Lodoare hadi lango la Naabi. Maji yakishaingia kwenye krosi iliyofungwa, hayatoki. Kwenye yenye nipeli nayasukuma nje kwa grisi mpya jioni ileile. Nimechagua yenye nipeli, na sijutii.

Kuna sharti lake. Wakati wa kufunga, nipeli inatakiwa ikae upande unaobanwa wakati gari linavuta kwenda mbele, siyo upande unaovutwa, ili tundu lisiwe pahali pa kufungukia. Kwa fundi anayejali hiyo ni kazi ya dakika moja, na wengi hawaifanyi. Kwenye kupaka, grisi ya lithiamu namba 2 inatosha. Pampu mpaka grisi safi itokee kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikikataa, weka gari gia, lisukume kidogo mbele na nyuma ili kikombe kiachie, ujaribu tena. Sehemu ya kuteleza ni tofauti: hapo pampu kidogo tu. Ukiijaza mpaka ikashiba, bomba haliwezi kufupika gari linaporuka tuta, na nguvu yote inaishia kwenye beringi ya transfa. Nashuku sili yangu iliyokuwa inavuja ilichangiwa na hilo pia, maana kijana wa gereji ya awali alikuwa anapampu mpaka mkono uchoke.

Watu huniuliza kwa nini basi ekseli ya mbele haisumbui hivi. Kule kwenye magurudumu hakuna krosi. Magurudumu ya mbele yanakata kona, pembe inapita nyuzi 30, na kwa krosi ya kawaida usukani ungekurukia mikononi kila ukikata kona ukiwa kwenye fowili, yaani magurudumu yote manne yakivuta. Ndani ya lile duara kubwa la chuma nyuma ya gurudumu kuna kiungo cha gololi sita, kazi ya Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford wa miaka ya 1920. Gololi zake zinajipanga kila wakati katikati ya pembe, kwa hiyo kasi inayoingia ndiyo inayotoka. Baadaye Mini ya 1959 ilikitumia kwenye gari dogo la bei ya mtu wa kawaida, na leo karibu kila Vitz na Passo unayoiona mjini inatembea kwa kiungo cha ukoo huohuo. Krosi ya nyuma nayo ina mzee wake: Mmarekani Clarence Spicer, aliyepata hataza yake 1903, wakati magari mengi bado yalikuwa yanazungushwa kwa mnyororo kama baiskeli. Alichokifanya kikubwa ni kukifunga kiungo ndani ya kifuniko kikae na mafuta yake, na ukitazama kinachoua krosi zetu, unaona alikuwa amelenga palepale.

Matokeo barabarani. Lami ya Makuyuni gari limetulia. Wageni wanazungumza bila kupaza sauti, na mimi nikifika Karatu mgongo hauna malalamiko. Ule mlio wa "tak" wa kutoka gia ya kwanza haupo. Sili ya transfa imekauka. Kupanda kutoka kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Lerai, gari limejaa na transfa iko gia nzito, ndipo krosi hubeba mzigo mkubwa kuliko mahali pengine pote, na hapo pia kimya.

Si kwamba kila kitu ni kizuri. Gharama yote ilikaribia bei ya matairi mawili mapya, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye krosi halisi, ambazo ni karibu mara tatu ya zile za bei rahisi. Senta beringi ndiyo itakayokuwa na maisha mafupi kuliko vyote, kwa sababu imeshikwa na raba, na raba ikipigwa joto na maji ya magadi inapasuka. Tayari naibeba moja ya akiba. Kishikio chake kinaning'inia chini ya chesisi, kwa hiyo kwenye makorongo namtafuta mtu wa kushuka aangalie kabla sijapita. Na karakana haikuweka alama za rangi kwenye bomba kuonyesha jino lipi linakutana na lipi. Nimeziweka mwenyewe kwa patasi na rangi nyeupe, kwa sababu siku propela itakapofunguliwa porini na fundi mwingine, bila alama hizo pembe zote zilizopimwa zinapotea.

Ukienda kufanyiwa kazi hii, muulize fundi kwanza kama atapima pembe, na kama anayo mashine ya kubalansi au anajua pa kuipeleka propela. Akikuambia krosi mpya zitatosha, beba gari lako uondoke. Mimi wiki ijayo nawapelekea propela ya mbele.