TAHADHARI: Muuza dawa ya vidonda vya tumbo mwenye mashine ya kushika kijiti

Wakuu, habari za majukumu. Kama una tumbo sugu, gesi, kiungulia, kujaa kila ukila, na hospitali vipimo vinarudi safi huku unaumwa kweli, jamaa huyu anakutafuta wewe. Jina silitaji kwa sababu kila akifungua akaunti mpya anakuja na lingine. Shikeni mbinu zake.

Ukimuuliza bei hasemi. Anakuita "ofisini" kwa kipimo cha bure. Ofisi yenyewe ni fremu ya duka, ndani kuna laptop na kijiti cha chuma chenye waya. Unakishika kama dakika moja, anajaza umri, urefu na uzito wako, printa inatema kurasa: ini, figo, kongosho, bandama, vyote vina hitilafu. Dada yangu aliambiwa ana vidonda vya tumbo na tezi dume inaanza kuvimba. Tezi dume, mwanamke! Jamaa alikuwa amesahau kubadilisha jinsia kwenye programu. Akacheka, akaprinti nyingine, na vidonda vikabaki palepale.

Kijiti hakioni kidonda. Kidonda kinaonekana kwa endoskopi, ile kamera inayopitishwa kooni. Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori au na dawa za maumivu kama diclofenac, na bakteria huyo anapimwa vizuri kwa choo au kwa pumzi. Jamaa anajua hilo, ndiyo maana ukimbishia anatoa kipimo cha damu, anakutoboa kidole, mistari miwili inatokea, anakwambia "hospitali walikudanganya, bado unao". Kipimo kile kinasoma kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria akishaisha. Mtu aliyemaliza dozi ya hospitali akapona anauziwa ugonjwa upya.

Kisha zinakuja dozi: ya kusafisha, ya kuziba vidonda, ya kung'oa mizizi. Kila moja laki na ushee. (Babu wa Loliondo, yule mchungaji wa kikombe cha dawa, mwaka 2011 kikombe chake kilikuwa shilingi 500, na hakuwa na printa.)

Kinachonitisha zaidi ni majibu yake mtu akizidiwa. Dozi ya kwanza ni unga wa kijani, na aliyewahi kunyweshwa sanamaki utotoni ataitambua ladha. Unaharisha, tumbo linakuwa jepesi, unaona umepona. Ukiendelea kuharisha unaishiwa maji na chumvi, miguu inakosa nguvu, yeye anasema "sumu ya miaka inatoka". Dada alipomwandikia kwamba anapata choo cheusi, chenye kunata kama lami, alimjibu kwa ujumbe wa sauti: "Hongera, ndio uchafu wenyewe huo, usiache dozi." Choo cha namna hiyo, kama hunywi vidonge vya madini ya chuma, mara nyingi ni damu inayovuja tumboni. Ni cha kukimbizwa hospitali usiku huohuo, sawa na kutapika damu. Dada aliongezewa damu. Jamaa alipopigiwa simu alisema tumekatisha dozi, akatubloki.

Sisemi tiba asili ni utapeli. Tangawizi inatuliza kichefuchefu, na waganga waaminifu wapo. Ila Tanzania kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002, na mganga anatakiwa awe amesajiliwa huko. Muulize namba yake ya usajili. Huyu anaonyesha cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kilichowekwa kwenye fremu ukutani. Hicho kinasajili jina la biashara, hakimpi mtu kibali cha kutibu.

Aliyekwisha kumlipa atunze ujumbe wa muamala, zile sauti, na kopo hata kama umebaki unga kidogo. Peleka kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, na polisi kwa upande wa hela.