Mvinyo mwekundu wa kuweka, Malindi: chupa zipi zina haki ya friji yako

Kasha langu la kwanza la mvinyo wa Stellenbosch, Afrika Kusini, chupa 6, nililiweka stoo nyuma ya jiko, chini ya mabati. Nilikuwa nimesikia kwamba mvinyo mzuri huachwa utulie, basi nikauacha. Kaskazi mbili zikapita juu yake. Siku ya sherehe nyumbani nikatoa chupa kwa mbwembwe, nikachomoa kizibo, nikamimina. Shemeji akanusa, akanitazama: "Kaka, huu ni mvinyo au jemu?" Hakukosea. Ulinuka zambarau zilizochemshwa zikasahauliwa jikoni, na ukishameza unabaki mkwaruzo wa siki. Zote 6 zilikuwa hivyohivyo.

Ndiyo maana naanza na friji, si na chupa. Mvinyo wa kuwekwa miaka unataka nyuzi 12 hadi 14, giza, na utulivu. Stoo ya Malindi mwezi wa Machi hupita nyuzi 30 bila jasho, na usiku haipoi vya kutosha. Joto la namna hiyo huupika mvinyo, nao ukitanuka husukuma kizibo na kuvujia pembeni. Kusi likianza mambo hupoa kidogo, ila kupanda na kushuka huko nako ni adhabu kwa chupa.

Friji ya mvinyo yenye kompresa ndiyo namba moja, na usikubali kubembelezwa na ile ndogo isiyo na kompresa. Ile ndogo ni kimya na bei yake inavutia, lakini hupunguza nyuzi chache tu kutoka kwenye joto la chumba. Chumba kikiwa na 31, itahangaika mchana kutwa isifike 14. Unaponunua ya kompresa, nunua pia kile kifaa kidogo cha kulinda friji stima ikirudi kwa kishindo, na uiweke mbali na dirisha la baharini. Upepo wa chumvi unakula mabati ya nyuma ya friji kama unavyokula bawaba za milango yetu. Stima ikikatika saa chache, usiifungue. Itajishikilia.

Huna uwezo huo? Friji ya kawaida ya nyumbani, rafu ya chini, inafaa kwa miezi kadhaa. Ni baridi mno na kavu mno kwa miaka, lakini afadhali baridi kuliko jikoni. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, zile kuta nene za matumbawe za Lamu na mji wetu wa kale, ni cha tatu: joto halirukiruki, lakini bado ni joto, basi chupa isikae humo zaidi ya wiki chache. Kabati juu ya jiko usilitaje mbele yangu.

Sasa chupa, na nyingi ninazozipanga ni za mchanganyiko. Mvinyo wa mchanganyiko ni ule uliotengenezwa kwa zabibu za aina zaidi ya moja, kila moja ikileta chake. Mchanganyiko maarufu kuliko yote ni wa Bordeaux, Ufaransa: Cabernet Sauvignon inatoa mifupa na ukakasi, Merlot inatoa nyama, Cabernet Franc inatoa harufu ya majani, na Petit Verdot kidogo inakoleza rangi. Ukakasi ni neno letu kabisa. Aliyewahi kuuma bibo la mkorosho ambalo halijaiva anaujua ulimi unavyokazana. Wenzetu huuita tanini, na huo ndio unaoufanya mvinyo uhimili miaka, ukilainika polepole.

Kwa pesa ya mtu wa kawaida anayeishi hapa, nafasi ya kwanza naipa Afrika Kusini, michanganyiko ya mtindo wa Bordeaux kutoka Stellenbosch. Meerlust Rubicon, iliyoanza na mavuno ya 1980, na Kanonkop Paul Sauer, ya 1981, ndizo za kuotea: Cabernet Sauvignon mbele, Merlot na Cabernet Franc nyuma. Mavuno mazuri yakiwekwa vyema huenda miaka 10 na zaidi. Si rahisi, lakini ukiziweka kando ya chupa ya Ufaransa ya hadhi hiyohiyo, utaona pesa imebaki mfukoni. Chini yao kuna Roodeberg ya kampuni ya KWV, mchanganyiko uliokuwepo tangu 1949. Hiyo nunua ya kunywa mwaka huu, isikudanganye kwa umri wa jina lake. Utakutana pia na michanganyiko yenye Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 pale Profesa Abraham Perold alipopandisha Pinot Noir na Cinsault. Ina harufu ya moshi inayopendana na mbuzi wa kuchoma kuliko kitu chochote nilichojaribu.

Nafasi ya pili ni Italia, na hapa Malindi ina bahati isiyo ya kila mji. Waitaliano wamekuwa jirani zetu tangu enzi za mitambo ya kurushia roketi ya San Marco kule Ngomeni, miaka ya 1960, na kahawa yao, jibini lao na mvinyo wao vikashuka nao. Tafuta Chianti Classico Riserva. Alama yake ni jogoo mweusi shingoni, na sheria yao inataka zabibu ya Sangiovese isipungue asilimia 80, na Riserva ipumzike angalau miezi 24 kabla ya kuuzwa. Uchachu wake ni kama wa ukwaju, unakata mafuta ya pilau. Miaka 5 hadi 10 kwenye friji inaubeba vizuri. Tignanello, iliyoanza kuitwa jina hilo na mavuno ya 1971 na ambayo leo huchanganya Sangiovese na zabibu za Kifaransa, ni mvinyo mkubwa kweli, lakini chupa moja ni kodi ya chumba kule mtaa wa Barani kwa miezi kadhaa. Nimeinywa mara moja, kwenye glasi ya mtu mwingine.

Amarone, nayo ya Italia, naiweka ya tatu, na najua kuna watakaonuna. Zabibu zake, Corvina na wenzake, huanikwa miezi kadhaa mpaka zikajikunja kama tende, ndipo zikamuliwe. Kilevi chake hakishuki chini ya asilimia 14, na mara nyingi hupita 15. Ni mtamu wa harufu, mzito, na unakaa miaka mingi, lakini usiku wa Februari bila upepo unakunywa wewe badala ya wewe kuunywa.

Bordeaux yenyewe ni ya nne. Zile nzuri ni ghali, na zile za bei ya kati huuza zaidi picha ya jumba kwenye lebo kuliko kilichomo ndani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Za Naivasha na za Dodoma sizipangi, kwa kuwa hazikutengenezwa kuwekwa. Nunua Jumamosi, zipoze, zimalize Jumapili. Sisi watu wa mnazi huo mtindo tunauelewa: ulioshushwa asubuhi, jioni umeshageuka mwingine.

Dukani, swali la kwanza si mwaka wa mavuno. Uliza chupa ilikaa wapi. Niliwahi kuambiwa na muuzaji, "Chukua hii mzee, ya zamani ndiyo tamu," nayo ilikuwa rafu ya juu kabisa, chini ya taa, kiyoyozi chao kikizimwa kila wakifunga. Chupa changa iliyokaa baridi inaishinda kwa mbali kongwe iliyopikwa. Iinue kwenye mwanga uangalie mvinyo umefika wapi shingoni. Ukiwa umeshuka chini kuliko wenzake wa kasha hilo, rudisha. Papasa juu: kizibo kikiwa kimejisukuma, au kuna mfereji wa kunatanata chini ya kifuniko, rudisha. Kisha angalia stempu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Programu ya Soma Label kwenye simu inakuambia kama ni halali, na hakuna aibu kuitumia hapo hapo kaunta.

Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilaze, kizibo kisikauke. Yenye kifuniko cha kuzungusha isimamishe ukitaka. Haidhuriki.

Siku ya kuonja, sahau lile neno la "joto la chumba". Chumba walichokisema kilikuwa cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chupa iliyokuwa mezani kwako iingie kwenye ndoo ya barafu na maji kwa dakika 10 hadi 15. Iliyokuwa kwenye friji ya mvinyo itoe tu, ipumzike kidogo. Mimina robo ya glasi, izungushe, nusa kabla ya kunywa. Mchanganyiko mchanga wa Stellenbosch utakupa zambarau mbivu, zile zinazotia ulimi rangi, na pilipili manga. Uliokaa miaka 6 au 7 zambarau zinaanza kukauka, na karafuu, ngozi na tumbaku vinajitokeza. Shika tone mdomoni, usikilize ukakasi unashika wapi. Ukishika ufizi wote na usiachie, haujawa tayari. Chupa kongwe isimamishe siku nzima mashapo yatulie, na umimine taratibu, ukiacha vidole viwili vya chini.

Mimi siku hizi nanunua tatu za aina moja, zenye mwaka mmoja wa mavuno. Ya kwanza naifungua wiki hiyohiyo, nijue nimenunua nini. Ya pili baada ya miaka 2. Ya tatu nikiona ya pili bado inakazana. Kwenye kila moja nimebandika plasta ya dawa yenye tarehe ya kuingia na jina la duka. Shemeji ameshaiona ile ya tatu ya Rubicon na kila akija anauliza habari zake kabla ya kuuliza za watoto.