Uzoefu Wangu na Fundi Bomba Aliyepima Kabla ya Kuvunja Ukuta

Shawa ya bafuni kwetu ilianza kudondosha maji hata baada ya kufungwa, na kwa wiki kadhaa nililiona jambo hilo kuwa dogo, mpaka usiku mmoja nilipoweka ndoo ya lita 10 chini yake na asubuhi nikaikuta imekaribia kujaa. Mpini wake nao ulikuwa mgumu kugeuza, na maji ya moto yalibadilika ghafla kuwa baridi bila mtu kugusa kitu. Kisha ukuta wa chumba cha watoto, unaopakana na bafu, ukatoa doa la unyevu lililoanzia juu ya usawa wa kichwa changu na kushuka karibu hadi sakafuni, rangi ikaanza kuvimba na kubanduka. Doa hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu ukuta unaolowa kwa ndani huota ukungu, na wanaoivuta hewa ya chumba kile usiku kucha ni wanangu.

Fundi wa kwanza niliyemwita hakukaa hata dakika kumi. Aligonga vigae kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akasema kwamba bomba lililomo ukutani limeoza na kwamba vigae vyote, kuanzia sakafuni hadi kwenye mpini wa shawa, havina budi kuvunjwa. Alitaka nusu ya malipo kabla ya kuanza. Sitaki kuihukumu nia yake, kwa kuwa huenda aliamini alichokisema, lakini hakufungua kitu wala kufunga kitu, na nilipomuuliza amejuaje, alijibu kwamba ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Nilimshukuru nikamwambia nitafikiri.

Wa pili nilielekezwa kwake na jirani, na tofauti ilianzia kwenye simu. Aliniuliza shawa ina umri gani, maji yanayodondoka ni ya moto au ya baridi, koki kuu ya nyumba iko wapi, na kama doa huongezeka hata siku ambayo hakuna aliyeoga. Swali hilo la mwisho sikuweza kulijibu. Akaniomba tuchore mstari wa penseli kuzunguka doa, tuache kuitumia shawa kwa siku mbili, kisha tuoge kama kawaida na tuangalie. Kwa siku zile mbili unyevu haukuuvuka mstari, ingawa shawa iliendelea kudondosha mle bafuni. Jioni ya siku ya tatu, baada ya watu wanne kuoga, uliuvuka kwa upana wa vidole viwili. Nilipompa habari hiyo alisema, "Basi, mama, usimruhusu mtu yeyote avunje kigae mpaka nije."

Alipofika, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kusimama chumbani na kuutazama ukuta, na hapo alinieleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikiliona kila siku bila kulielewa. Mabomba yanayoleta maji ya moto na ya baridi hupanda kutoka chini na kuishia kwenye vali, yaani kifaa kilicho nyuma ya mpini kinachofungua na kuchanganya maji, iliyo usawa wa kifua, na ndani yake maji hukaa kwa shinikizo usiku na mchana, kwa hiyo kama mojawapo lingekuwa limetoboka, doa lingekua hata wakati hakuna anayeoga, na wala lisingeanzia juu kiasi kile. Kutoka kwenye vali hadi kichwa cha shawa kuna kipande kingine cha bomba ambacho hupata maji yenye nguvu pale tu mpini unapofunguliwa. Uvujaji unaotokea wakati wa kuoga peke yake, na unaoanzia juu, humwelekeza mtu kwenye kipande hicho, na hasa kwenye elbo, yaani kiungo cha bomba kilichopinda, iliyo ndani ya ukuta, mahali mkono wa shawa, lile bomba fupi linaloshika kichwa chake, unapofungwa kwa nyuzi kama za skrubu. Ilibaki uwezekano wa pili, yaani maji kupenya kwenye viungo vya vigae. Ili kuutenga, alifungua kichwa cha shawa, akafunga mpira mrefu mwishoni mwa mkono, akaelekeza maji moja kwa moja kwenye mfereji wa sakafu pasipo kulowesha vigae, akayaacha yatiririke kwa dakika ishirini. Upande wa pili unyevu uliongezeka vilevile, na vigae havikuwa vimeguswa na tone.

Alifungua mkono ule wa shawa bila kuvunja chochote. Nyuzi zake zilikuwa na kutu upande mmoja na mabaki machache ya tepu ya kuzibia maji ambayo, kwa maelezo yake, ilizungushwa kinyume na mwelekeo wa nyuzi, hivyo ilijikunjua wakati wa kufunga. Alizisafisha nyuzi za ndani kwa brashi ya waya, akaleta mkono mpya, akauzungushia tepu kufuata mwelekeo wa nyuzi, akaurudisha na kurudia jaribio lilelile. Safari hii nilitazama mimi mwenyewe, na mstari mpya wa penseli haukuvukwa.

Kuhusu kudondosha, tatizo lilikuwa katriji ya ndani ya vali, yaani kile kipande kinachofungua na kufunga maji mpini unapogeuzwa, ambayo mipira yake ya kuzibia ilikuwa imekauka na kupasuka. Hakuwa nayo, na hakutaka kulazimisha ya aina nyingine, kwa hiyo tulisubiri siku tatu tukioga kwa ndoo. Ilipopatikana, kabla ya kuipachika alifungua maji kidogo yatoke kwenye tundu la vali ili yasukume nje mchanga na magamba ya chokaa, na nilivyoona uchafu uliotoka, nilielewa kwa nini mpini ulikuwa mgumu. Ndipo akaenda kwenye mita ya maji. Alieleza kwamba mita haiwezi kusomwa kwa uhakika wakati shawa bado inadondosha, ndiyo maana aliliacha jaribio hilo hadi mwisho. Tulifunga mabomba yote ya nyumba, tukaitazama kwa nusu saa, na kigurudumu chake kidogo hakikusogea. Hapo hofu ya bomba kuoza ukutani ilinitoka.

Jambo moja alilifanya bila kuombwa, nami ninalithamini kuliko mengine. Alipima joto la maji kwa kipimajoto, akakuta yanatoka yakiwa na nyuzi 58 za Selsiasi mpini ukigeuzwa hadi mwisho, akarekebisha kizuizi kilicho ndani ya vali ili yasizidi nyuzi 41. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuiunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi. Tulikuwa tukiogesha watoto pale kwa miaka bila kujua.

Zipo kasoro, na ni haki kuzitaja. Siku ya kwanza alichelewa kwa saa mbili na hakupiga simu hadi nilipompigia mimi. Silikoni aliyoipaka kuzunguka bamba la mpini haikusawazishwa, nikalazimika kuikata na kuipaka upya. Malipo ya ukaguzi aliyatoza peke yake, mbali na ya kazi na vifaa, jambo ambalo wengine hulilalamikia. Binafsi niliyalipa kwa moyo mweupe, kwa sababu ukaguzi huo ndio uliouokoa ukuta wangu. Risiti yake iliorodhesha kila kifaa, iliandikwa dhamana ya miezi sita kwa kazi yake, na katriji ya zamani pamoja na mkono wenye kutu aliniachia mezani nivione.

Rangi ya chumbani hatukuipaka mara moja. Alituonya kwamba plasta iliyolowa kwa muda mrefu huhitaji wiki nyingi kukauka na kwamba rangi ikiwahi itabanduka tena, hivyo tuliuacha ukuta wazi, dirisha likiwa wazi mchana, kwa karibu miezi miwili. Sasa ni mwezi wa tano tangu kazi ifanyike. Shawa haidondoshi, mpini unageuka kwa kidole kimoja, na rangi mpya imeshika. Kichwa cha shawa ndicho alichoshauri tukiloweke kwenye siki kila baada ya miezi mitatu ili kuondoa chokaa, na hilo tayari tumelifanya mara moja.